Mizani Iliyoingia Sebuleni

Mwaka 1982 kampuni changa ya California iliyoitwa Amiga ilitoa ubao mweusi wa plastiki wa kusimamia. Ubao huo ulichomekwa kwenye mashine ya gemu ya Atari 2600, na aliyepanda juu yake aliinama kushoto au kulia ili kumwelekeza mtelezaji wa theluji aliyeonekana kwenye televisheni. Waliuita Joyboard. Sokoni haukufua dafu. Amiga yenyewe ilikuwa na jambo kubwa zaidi moyoni, nalo ni kuunda kompyuta. Vifaa vya gemu vilikuwa njia ya kupata fedha za kuendeshea kazi hiyo. Walioufaidi ubao ule ni mafundi wake. Inasimuliwa kwamba kompyuta ilipowagomea waliulaza sakafuni, wakaukalia wamekunja miguu, wakashindana nani atakaa bila kutikisika. Mzaha huo ukaingia hadi kwenye programu yao: kompyuta ya Amiga ilipokwama, ujumbe wa hitilafu uliojitokeza ulibeba jina la Guru Meditation.

Wakati huohuo Atari nayo ilikuwa ikiunda baiskeli ya mazoezi iliyoungwa na gemu, mradi ulioitwa Puffer. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, chombo chako kwenye skrini kinakwenda kasi; ukichoka, kinalegea. Baiskeli hiyo haikuwahi kufika dukani. Mwaka 1983 biashara ya gemu Marekani iliporomoka, Atari ikapata hasara kubwa, na mambo mengi yaliyokuwa mezani yakafagiliwa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuzaliwa: kwamba kile kifaa kinachomkalisha mtu kwenye kochi kutwa nzima ndicho hicho kitakachomwinua. Miaka yote iliyofuata, watu walikuwa wakilipigania wazo hilo au wakilipinga.

Wajapani walilishika kwa miguu. Mwaka 1986 kampuni ya Bandai ilitoa mkeka wa vitufe vikubwa wa kuchezea na mashine ya Nintendo. Mchezaji alikimbia palepale, akaruka, akakanyaga, na mtu wa kwenye skrini akafanya vivyo hivyo. Nintendo iliupenda mkeka huo, ikachukua haki za kuuza Marekani, na mwaka 1988 ikautangaza huko kwa jina la Power Pad. Gemu ya riadha iliyokuwa imeanza kuuzwa na Bandai, Stadium Events, iliondolewa madukani ili itolewe upya kwa jina jingine, World Class Track Meet. Nakala chache zilizokuwa zimeshanunuliwa zikabaki mikononi mwa watu, na leo wakusanyaji wa vitu adimu hulipa makumi ya maelfu ya dola kwa moja iliyohifadhiwa vizuri. Sidhani kama yupo anayeinunua ili apunguze tumbo.

Watoto walioupata mkeka ule hawakuchelewa kugundua siri yake. Katika mbio za mita 100 mpinzani wa mwisho aliitwa Duma, na kumshinda kwa miguu kulikuwa kazi ya kukutoa roho. Basi wakapiga magoti pembeni ya mkeka, wakaanza kupiga vitufe kwa viganja. Duma akaachwa nyuma. Mashine ilihesabu mapigo na haikujua yanatoka wapi. Udhaifu huo haujawahi kuisha katika gemu za mazoezi, hata zile za bei mbaya.

Kilichofuata hakikukusudiwa kuwa mazoezi hata kidogo. Mwaka 1998 kampuni ya Konami iliingiza kwenye kumbi za gemu za Japani mashine yenye jukwaa la mishale minne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Muziki unapigwa, mishale inapanda kwenye skrini, nawe unaikanyaga kwa wakati wake. Dance Dance Revolution ilikuwa ngoma ya kujionyesha mbele ya watu. Vijana walitoka ukumbini wameloa jasho, na baada ya miezi wengine wakaona suruali zinawapwaya. Habari zikaenea kwa mdomo kabla hazijaandikwa magazetini. Konami ilipotoa matoleo ya nyumbani yenye mkeka mwepesi wa kukunja, iliweka humo sehemu maalumu ya mazoezi: unaandika uzito wako, mashine inakukadiria kalori ulizochoma kwa kila wimbo.

Lililolichukua jambo hili kwa uzito wa kiserikali lilikuwa jimbo la West Virginia, huko kwenye milima ya machimbo ya makaa ya mawe, mahali ambapo unene, kisukari na maradhi ya moyo vimekuwa mzigo kwa miaka mingi. Mfuko wa bima ya afya wa watumishi wa umma wa jimbo hilo uliona gharama za matibabu zinapanda kila mwaka, na ukajua kwamba watoto wanene wa leo ndio wagonjwa wa kesho watakaoulipisha. Ukashirikiana na Chuo Kikuu cha West Virginia kuwapa watoto wenye uzito mkubwa gemu ile nyumbani, wacheze dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 24. Uzito wa waliocheza haukupanda. Hilo linaweza kuonekana dogo kwa msomaji anayetarajia hadithi ya kilo 20 zilizoyeyuka, lakini kwa mtoto anayeendelea kurefuka, uzito kusimama palepale ni ushindi. Mapema mwaka 2006 jimbo likatangaza mpango wa kuifikisha gemu hiyo katika shule zake zote za umma, 765 kwa idadi. Hivyo kitu kilichokuwa kikilaumiwa kwa uvivu wa watoto kiliingia kwenye kipindi cha mazoezi ya viungo kwa baraka za serikali.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Nintendo ilitoa Wii. Kidhibiti chake kilikuwa kama rimoti ya televisheni kilichotambua mwendo wa mkono: ukirusha mkono kana kwamba umeshika raketi, mpira unapigwa. Wii Sports, gemu ya tenisi, bowling, ngumi, besiboli na gofu iliyofungwa pamoja na mashine hiyo katika nchi nyingi, ilifika kwa zaidi ya watu milioni 80. Wazee katika nyumba za kulelea wazee Marekani walianzisha mashindano ya bowling bila kubeba ule mpira mzito. Rimoti nazo zilichomoka mikononi zikavunja vioo vya televisheni, hadi Nintendo ikajitolea kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2. Mwaka 2007 daktari mmoja wa Hispania, Julio Bonis, aliliandikia jarida la tiba la New England kuhusu daktari mwanafunzi wa miaka 29 aliyeamka Jumapili asubuhi na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii. Ugonjwa huo aliupa jina la utani, Wiiitis. Dawa ilikuwa ibuprofeni kwa wiki moja na kuiacha Wii.

Je, watu walikuwa wakipungua? Desemba 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores walichapisha kipimo chao. Walichukua vijana 11 wa miaka 13 hadi 15, wakawafunga vifaa vya kupima nishati, wakawachezesha gemu ya kukaa na gemu za Wii. Walipocheza kwa kusimama na kurusha mikono walitumia nishati iliyozidi ile ya kukaa kwa zaidi ya nusu. Hapo wauzaji wangependa taarifa iishie. Iliendelea: nishati hiyo ilikuwa chini ya ile ya kucheza tenisi au ngumi zenyewe, na ikipigiwa hesabu ya wiki nzima, nyongeza haikufika asilimia 2.

Shigeru Miyamoto, mtu aliyewabuni Mario na Zelda, alikuwa na jambo jingine kichwani. Huyu ni mzaliwa wa 1952 mwenye tabia ya kugeuza mambo ya nyumbani kwake kuwa gemu. Bustani yake ilizaa Pikmin, mbwa wake akazaa Nintendogs. Alipoanza kujali afya yake alijizoesha kupanda kwenye mizani kila siku, akaandika uzito wake kwenye grafu, na grafu hiyo akaibandika ukutani bafuni. Akagundua kwamba ile mistari ya kupanda na kushuka inafurahisha kuifuatilia, na kwamba nyumbani kwake ilizua mazungumzo. Mizani, kitu ambacho watu hukipanda kwa siri na mlango umefungwa, ilikuwa imegeuka kuwa jambo la familia.

Akawapelekea mafundi wa Nintendo wazo la kuunganisha mizani na televisheni. Namna ya kuitumia kuchezea ilitoka kwa wacheza sumo. Miyamoto alieleza kwamba baadhi yao ni wazito kiasi cha kupimwa kwa mizani mbili, kila mguu kwenye yake, na uzito wa miguu miwili unajumlishwa. Ukishakuwa na vipimo viwili tofauti, unajua pia mtu ameegemea upande gani. Ubao wa mwisho ulikuwa na vipima uzito vinne, kimoja kila kona, ukabeba hadi kilo 150, na ukajua mwili umeelemea mbele, nyuma, kushoto au kulia.

Julai 2007, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 huko California, Miyamoto aliutambulisha jukwaani pamoja na Reggie Fils-Aimé, mkuu wa Nintendo Marekani, mwanamume wa mwili mkubwa. Fils-Aimé alipoalikwa kupanda alitamka kwamba mwili wake uko tayari, na kauli hiyo imekuwa mzaha wa mitandaoni hadi leo. Wii Fit iliingia sokoni Japani tarehe 1 Desemba 2007, Ulaya Aprili 2008, Marekani mwezi uliofuata kwa karibu dola 90. Maduka yaliishiwa.

Mle ndani mlikuwa na yoga, mazoezi ya nguvu, kukimbia palepale huku rimoti iko mfukoni, kuzungusha kiuno kama mwenye hulahupu, na kupiga mpira kwa kichwa. Mlikuwa pia na zoezi la kukaa kwenye ubao umekunja miguu, ukitazama mshumaa bila kutikisika. Sina ushahidi kwamba aliyelitunga aliwajua wale mafundi wa Amiga, lakini mzaha wao ulikuwa umerudi ukiwa bidhaa halali.

Kiini chake hata hivyo kilikuwa kipimo. Kila siku ubao ulikupima, ukagawanya uzito wako kwa mraba wa urefu wako, kanuni ya kupima unene iitwayo BMI, ukaweka nukta kwenye grafu, na kikaragosi chako kwenye skrini kikanenepa au kukonda mbele ya wote waliokuwepo sebuleni. Usipoonekana siku kadhaa, mashine ilikuuliza ulikuwa wapi. Ilikuuliza hata kama umewaona wenzako wa nyumbani wakifanya mazoezi. Kwa watu wazima waliocheka na kutaniana, mambo yalikwenda. Mei 2008 huko Uingereza msichana wa miaka 10, ambaye familia yake ilimwona hana tatizo lolote la mwili, alipanda akaambiwa ni mnene. Wazazi walilalamika, magazeti yakalichukua, na wataalamu wa unene wakaeleza kwamba BMI ya mtu mzima haimfai mtoto anayekua. Nintendo iliomba radhi kwa waliokwazika, ikakiri kwamba kipimo hicho huenda kisiwe sahihi kabisa kwa walio chini ya miaka 20. Mimi naona lawama ilistahili. Grafu aliyojiwekea Miyamoto alikuwa ameichagua mwenyewe. Yule mtoto alitangaziwa hukumu sebuleni na kikaragosi kilichovimba.

Malalamiko hayakupunguza mauzo. Wii Fit iliuzwa nakala milioni 22 na ushee, na toleo lililofuata, Wii Fit Plus la mwaka 2009, likavuka milioni 21. Mwaka 2010 Shirika la Moyo la Marekani lilikubali nembo yake iwekwe kwenye gemu hiyo, jambo lililozua maswali kwa wataalamu waliosoma tafiti kama ule wa Liverpool. Na kitabu cha rekodi cha Guinness, kilipohesabu mbao milioni 32.1 zilizokuwa zimeuzwa kufikia Novemba 2010, kiliupa ubao huo cheo ambacho hakihusu gemu: kifaa cha kupima uzito wa mtu kilichouzika kuliko vyote.

Cheo kingine, kisichotangazwa sana, ulikipata hospitalini. Ross Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliulinganisha ubao huo na bamba la maabara linalopima namna mtu anavyosimama, kifaa cha maelfu ya dola, na mwaka 2010 wakachapisha kwamba kwa kupima uthabiti wa msimamo matokeo yanakaribiana. Tangu hapo wataalamu wa viungo sehemu nyingi wameutumia kwa wazee walio hatarini kuanguka na wagonjwa wa kiharusi wanaojifunza upya kusimama. Pale mgonjwa ana mtaalamu pembeni na siku ya kurudi kupimwa tena.

Nyumbani haikuwa hivyo. Tom Baranowski wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, aliwapa watoto 84 wa miaka 9 hadi 12 mashine za Wii bure. Nusu walipangiwa gemu za kutoa jasho, nusu gemu za kukaa, na wote wakavaa kiunoni kifaa cha kurekodi mwendo. Hakuna aliyeagizwa acheze lini wala kwa muda gani, kama vile mzazi wa kawaida anavyonunua na kuweka. Baada ya wiki 13 makundi mawili hayakutofautiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na kwangu huo ndio utafiti wa kweli kuliko wote, kwa sababu ulipima maisha yalivyo. New Zealand walikuwa wamepata kiasi fulani cha nafuu mwaka mmoja kabla. Huko watoto 322 wenye uzito mkubwa walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliopewa kamera ya EyeToy na gemu za kuchezesha mwili walibaki karibu walipokuwa, wasiopewa wakaongezeka. Tofauti ilikuwepo, ila ndogo.

Microsoft nayo ilileta Kinect mwezi Novemba 2010, kamera iliyouona mwili mzima bila rimoti wala ubao. Iliuza milioni 8 kwa siku 60, na kufikia 2017 uzalishaji wake ulikuwa umesimamishwa. Kwetu Afrika Mashariki vifaa hivi vilipita kando. Mashine za gemu zilitufikia zaidi kupitia vibanda vya mtaani, ambako mtoto hulipia mechi ya soka na kukaa kwenye benchi, na kibanda chenye benchi mbili hakina nafasi ya mtu wa kurukaruka.

Kinect ilikuwa imekwishazimika wakati ilipotoa jibu zuri kuliko yote. Huko Louisiana, Amanda Staiano wa kituo cha utafiti cha Pennington alichukua watoto 46 wa miaka 10 hadi 12 wenye uzito uliozidi. Nusu walipelekewa Kinect nyumbani, wakapangiwa kucheza mara 3 kwa wiki pamoja na ndugu au rafiki, na mwalimu wa mazoezi akazungumza nao mara kwa mara kwa video: umecheza? nini kilikuzuia? wiki ijayo tufanyeje? Katika watoto 23 waliopangiwa kucheza, 22 walimaliza miezi 6. Kiwango chao cha unene kwa umri wao kilishuka na lehemu katika damu ikapungua, wakati wenzao waliobaki bila programu walizidi kunenepa kidogo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018. Tofauti yake na ule wa Houston haikuwa ubora wa gemu. Watoto wa Louisiana walikuwa na mtu anayewauliza, na ndicho kile kile kilichoifanya grafu ya bafuni kwa Miyamoto ifanye kazi kabla haijawa bidhaa.

Oktoba 2019 Nintendo ilirudi tena, safari hii na pete. Ring Fit Adventure huchezwa kwa kubana na kuvuta pete ngumu ya plastiki yenye kidhibiti cha mashine ya Switch, huku kingine kikifungwa pajani. Unakimbia palepale kupitia misitu, unalikabili joka lenye misuli ya mnyanyua vyuma, na kila pigo lako ni zoezi: kuchuchumaa, kunyanyua mikono, kukaza tumbo. Kwa wanaoishi ghorofani ipo namna ya kucheza kimyakimya, unakunja magoti badala ya kukimbia, jirani wa chini asigonge dari. Miezi michache baadaye korona ilifunga majumba ya mazoezi duniani, na pete ikawa dhahabu. Maduka ya Japani yaliiuza kwa bahati nasibu, walanguzi wakapandisha bei, na hatimaye ziliuzwa zaidi ya milioni 15.

Ukiifungua, inakuomba uandike umri na uzito wako ili ikadirie kalori, kisha haiuzungumzii mwili wako kwa dharau yoyote. Haina ubao, na kikaragosi hakinenepi. Inahesabu ulichofanya leo, inakusifu, na baada ya muda inakukumbusha kwamba unaweza kuacha na kunyoosha viungo. Kampuni iliyouza mizani kuliko wote duniani ilikuwa imeiondoa mizani katika gemu yake ya mazoezi, na nadhani ilifanya vyema. Ila iliondoa pia lile swali kuhusu wenzako wa nyumbani, na hilo ningelibakiza.

Kwa hiyo kwa anayetaka kuinunua ili apungue: inunue ukiwa umeshakubaliana na mtu nyumbani kwamba atakuuliza kila Jumapili umecheza mara ngapi, na chakula ukiangalie kama kawaida, maana pete haiujui ugali. Na ukinunua mashine mpya ya Switch 2 iliyotoka Juni 2025, tafuta pia vidhibiti vya ile Switch ya kwanza. Vile vipya haviingii kwenye pete.